Fundi Kioo na Tangi la Siki

Shemeji yangu alianza kuwa mtanashati, ufundi ukamkuta ukubwani. Naliweka wazi hili mapema, maana wapo watakaosema namsema kwa chuki. Sina chuki naye. Nimemtazama kwa miaka kumi na saba, na mtu ukimtazama muda wote huo huhitaji chuki, kumbukumbu zinatosha.

Ni mume wa mdogo wangu. Karakana nzima inamwita Kioo, jina alilojipa mwenyewe kisha akakaa akingoja watu walizoee. Siku aliyokuja nyumbani kumchumbia mdogo wangu alivaa viatu vilivyong'aa mpaka mama akainama kuvitazama. Vilikuwa vya kuazima, na vilimbana vibaya sana. Basi alikaa kwenye kiti kile tangu saa nne asubuhi mpaka jua likaanza kushuka, hakuinuka hata mara moja, na alipoombwa aende chumba cha pili akamsalimie bibi, akasema anaogopa kumsumbua mgonjwa. Bibi hakuwa mgonjwa. Baba akamsifu, akasema huyu ndiye kijana mwenye adabu, hazururi ndani ya nyumba za watu. Kumbe masikini ya Mungu hawezi kutembea.

Harusi ikapita. Akaona awashukuru wakwe zake kwa kuwatengenezea kitanda cha chuma, na kusema kweli kitanda kilipoletwa majirani walikuja kukitazama. Hukuona mahali chuma kilipoungwa na chuma. Mafundi wengine wakishachomelea huacha mshono umeinuka kidogo, mnene, maana unene huo ndio unaoshika. Kioo hawezi kuuvumilia. Mshono ukiinuka huona kama ametukanwa. Hushika grinda akausugua mpaka ulingane na chuma, halafu anausugua tena ili ung'ae, na akimaliza kinachobaki kushikilia ni nia njema tu. Siku ya tatu, mchana, baba alijilaza baada ya kula na kitanda kikapiga magoti. Tulimkuta sakafuni, godoro likiwa juu yake. Kioo aliitwa, akakikagua kwa makini, akatikisa kichwa, akasema kitanda hakina kosa ila mzee amezidisha uzito. Baba yangu! Mtu ambaye upepo ukivuma alikuwa anashika mlango.

Ungedhani hapo angejifunza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini kwa huyu bwana kila mara guu lililovunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Kazi ya karakanani nilimtafutia mimi, na hilo nalikiri kwa kinywa changu. Mdogo wangu alinililia wiki nzima. Mimi ni mtunza stoo pale, bosi ananisikiliza, nikaenda kwake nikapiga chuku kwamba shemeji yangu ana mkono wa dhahabu. Bosi akampa vipande viwili vya bomba aviunge. Kioo akaviunga, akasugua, vikang'aa, bosi akavigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha na akapendezwa. Bosi wetu ni mtu wa biashara. Kabla ya kununua karakana alikuwa anaoka mikate, na mpaka leo anaamini kitu kikiwa na rangi nzuri juu basi kimeiva.

Hivyo Kioo akaingia. Hakuwa mvivu, tusimsingizie. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunawa mikono, kwa kuwa kunawa kwake kulichukua nusu saa. Kinyago chake cha kuchomelea alikifuta kwa kitambaa laini kila akikivua. Na alipenda sana kupigwa picha. Simu yake imejaa picha amesimama kando ya matangi ambayo hakuyagusa hata kwa kidole, mkono mmoja umeegemea chuma, uso umekunjwa kama mtu aliyechoka kwa kazi. Wenyewe walioyatengeneza walikuwa wanacheka tu. Nami nilicheka.

Stoo yangu ni chumba chembamba chenye dirisha la wavu, na hakuna kinachotoka bila kupita mikononi mwangu. Nyuma yangu kuna jiko la umeme la kukaushia vijiti vya kuchomelea, kwa sababu kijiti kikinyonya unyevu mshono hujaa matundu. Kushoto kuna makasha mawili ya mawe ya grinda, moja limeandikwa CHEUSI na jingine CHEUPE. Jiwe lililosugua chuma cheusi cha kawaida haliruhusiwi kamwe kugusa chuma cheupe kisichoshika kutu, maana huacha unga wa chuma usioonekana kwa macho, na unga huo baadaye unaota kutu. Kulia, kwenye misumari, inaning'inia mihuri ya mafundi. Kila fundi ana wake, kipande cha chuma kigumu kirefu kama kidole, chenye namba kichwani. Ukimaliza mshono unagonga namba yako pembeni kwa nyundo, ili ukija kupasuka miaka kumi baadaye ijulikane nani wa kuulizwa. Muhuri huchukuliwa na mwenyewe tu. Sheria hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani.

Namba tisa ilikuwa ya Kioo. Namba kumi na nne ni ya Mama Pacha.

Mama Pacha nilimkuta pale. Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, ana pacha aliowasomesha peke yake kwa cheche hizo hizo, na kwa siku husema maneno yasiyozidi ishirini. Mishono yake haing'ai. Imejipanga vipindo vidogo vidogo vinavyofuatana sawasawa, kama ukili uliosukwa na mtu asiye na haraka. Asubuhi akija kuchukua vijiti tulikuwa tunakunywa chai pamoja dirishani, yeye nje, mimi ndani. Alikuwa ananiita mwenzangu. Siku moja Kioo alimwuliza mbele ya watu kwa nini hasugui mishono yake ikapendeza, akamjibu kwamba anasubiri apate muda wa kupoteza. Hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Basi likaja tangi.

Kiwanda cha siki kilitaka tangi la kuchemshia. Siki haina urafiki na chuma cheusi, inakila taratibu mpaka kiishe. Kutengeneza tangi zima kwa chuma cheupe nako ni gharama ya kumlaza mtu hospitali. Kwa hiyo wakaleta mabamba ya ndoa, ndivyo sisi tunavyoyaita. Nje chuma cheusi kinene, ndani ngozi nyembamba ya chuma cheupe iliyogandishwa juu yake huko kiwandani, unene wake kama sarafu mbili zilizobebana. Cheusi kinabeba uzito, cheupe kinazuia siki.

Ni bamba zuri lakini lina tabia zake. Vyuma hivyo viwili vimekubali kulala pamoja, sawa, ila ukija kuunga bamba na bamba havitaki kuchanganywa ovyo. Unaunga kwanza cheusi kwa cheusi, kutoka nje, kwa vijiti vya kawaida. Kisha unaingia ndani, unachimba mfereji safi, na humo unapiga tabaka la vijiti maalumu, ambavyo tumevipa jina la mshenga kwa kuwa vinaelewana na pande zote mbili. Juu ya mshenga ndipo unamalizia kwa vijiti vyeupe. Mshenga anataka subira, anachomwa polepole, moto ukizidi anaharibika. Sasa wewe ukimruka, ukajaza vijiti vya kawaida mpaka karibu na juu, kisha ukafunika kwa cheupe kidogo, mtu akitazama hataona tofauti yoyote. Lakini chini pamechanganyika kitu kigumu kinachokatika kama biskuti, na juu pamebaki ngozi tu.

Mishono ya ndani ilikuwa sita. Bosi akampa Kioo mitatu, Mama Pacha mitatu, na hapo hapo akatamka neno lililoharibu mambo. Msimamizi wa zamu anastaafu, akasema, na nafasi yake ataichukua mwenye mishono itakayopita ukaguzi. Ambaye mishono yake itakataliwa ajiandae kurudisha glavu na kwenda nyumbani. Aliposema hilo la glavu alimtazama Mama Pacha, hakumtazama Kioo.

Nyumbani kwa mdogo wangu cheo kilipokewa jioni ile ile. Nilimkuta Kioo anajaribu shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, maana wasimamizi huwa na kalamu. Alishaanza kutembea mikono ikiwa nyuma, hata akienda bafuni. Mdogo wangu alishawaambia majirani na mawifi zake wote. Akanivuta jikoni, akanishika mkono, akaniambia, "Dada, huyu akipata hiki cheo watu watanyamaza."

Nilijua watu gani. Hadithi ya kitanda cha baba nimeisimulia kwenye harusi sita na misiba miwili, na kila mara mdogo wangu hucheka pamoja nasi, akiwa amekaa pale pale, na mumewe pembeni. Sikuwahi kujiuliza anachekaje. Nikaona haya, nikamwambia atakipata, asiwe na wasiwasi.

Wiki ikaenda. Mama Pacha alikuja dirishani mara tatu kwa siku kuchukua mshenga, vijiti vichache vichache, vingali na joto la jiko. Kioo hakuchukua hata kimoja. Nikadhani labda bado anaunga nje. Siku ya nne akatangaza kwamba amemaliza yote mitatu, nje na ndani, na Mama Pacha ndiyo kwanza yuko wa pili. Nikamwita pembeni nikamwuliza mshenga kamtoa wapi.

"Shemeji," akaniambia, "mshenga ni wa watu wasiojuana. Mimi na chuma tunajuana."

Nilicheka. Najionea aibu kulisema, lakini nilicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, na majibu mazuri hayajawahi kumkauka. Nikarudi ndani nikaendelea kupanga makasha. Mtunza stoo anayejua kitu hakikutoka stoo, halafu anapanga makasha, nadhani ana jina lake, ila sikulitafuta siku ile.

Akasugua mishono yake siku mbili mfululizo, kwanza kwa jiwe, kisha kwa kitambaa cha kung'arishia, mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu mle ndani ya tangi. Halafu kwa wema wake akajitolea kung'arisha na ya Mama Pacha, ili mgeni akija aone tangi moja, si mawili. Mama Pacha akainua mabega akasema sawa. Mishono yake ilikuwa na nyama ya kutosha, hata ukiisugua haiishi.

Ndipo bosi akatuambia kwamba mkaguzi wa kiwanda cha siki anakuja na mrututu.

Mrututu kila mtu anaujua, ule unga wa bluu wanaotumia wakulima kunyunyizia mimea. Kumbe una kazi nyingine. Ukiukoroga kwenye maji ukaupaka juu ya chuma cheupe, hakuna kinachotokea. Ukigusa chuma cheusi, palepale panageuka rangi ya shaba, pakawa pekundu kama pamechunwa. Hauangalii mng'aro. Mrututu huwezi kuupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bosi alipokuwa anatueleza hayo nilimwona Kioo ameshika kikombe karibu na mdomo, na kikombe hakiendi mdomoni wala hakirudi mezani.

Kesho yake, saa ya chakula, akaja dirishani. Wenzetu wote walikuwa nje kivulini. Akasema Mama Pacha amesahau kugonga namba kwenye mshono mmoja, na goti linamsumbua, hawezi kuinama tena kuingia tangini, kwa hiyo amemwomba yeye amgongee. Akaomba muhuri wa kumi na nne, na wake wa tisa pamoja.

Mama Pacha alikuwa amekaa hatua thelathini kutoka pale, mgongo umeegemea ukuta, anakula kutoka kwenye bakuli lake. Nilimwona vizuri kabisa. Nilikuwa na uwezo wa kuita. Nilikuwa na uwezo hata wa kumwonyesha Kioo ile karatasi ukutani, mwandiko wangu mwenyewe. Badala yake nikaona mkono wa mdogo wangu umeshika mkono wangu jikoni, nikatoa mihuri miwili kwenye misumari, nikampitishia chini ya wavu, na kwenye daftari sikuandika chochote. Nikajiambia namba ni namba tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Alichokwenda kufanya tulikijua baadaye, lakini nitakisema sasa. Aliingia tangini na grinda aliyokuwa akisugulia geti la mteja, na jiwe lile lile la chuma cheusi, kwa sababu jiwe la cheupe liko kwangu na angelazimika kuliomba na kujieleza. Akafuta namba zote sita. Kwenye mishono yake mitatu akagonga kumi na nne. Kwenye mitatu ya Mama Pacha akagonga tisa. Alirudisha mihuri kabla kengele haijalia, akaniambia mimi ndiye ndugu wa kweli.

Mkaguzi alikuja asubuhi iliyofuata, bwana mmoja mtaratibu mwenye mkoba wa plastiki, na ndani yake chupa ya maji ya bluu na brashi ya kawaida ya rangi. Tangi lilikuwa limelazwa ubavu, upande mmoja bado haujafungwa, kwa hiyo sote tulisimama pale mdomoni tukiona mpaka ndani. Kioo alikuwa na shati jeupe na kalamu zake tatu. Mama Pacha alikuwa na nguo za kazi, glavu mkononi.

Akapaka mshono wa kwanza wenye namba tisa. Maji yakabaki ya bluu. Akapaka wa pili wa tisa, bluu. Wa tatu, bluu. Bosi akampigapiga Kioo begani, na Kioo akatazama chini kwa unyenyekevu ambao bila shaka aliufanyia mazoezi mbele ya kioo halisi. Kisha mkaguzi akahamia kwenye kumi na nne. Alipopitisha brashi tu, mstari mwekundu ukatokea nyuma yake ukimfuata, mrefu kama mkono wa mtu. Wa pili ukawa vilevile. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, maana katikati ya ule wekundu ulionekana ufa mwembamba kama unywele.

Hiyo ndiyo kazi ya kusugua. Alimruka mshenga, akafunika kwa tabaka moja jepesi la cheupe, kisha tabaka lenyewe akalisugua mpaka likaisha. Angekuwa mtu wa kuridhika na mshono wenye vipindo, labda mrututu usingeona kitu siku ile na tangi lingeondoka, likapasukie huko kiwandani na siki inayochemka ndani na watu pembeni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi ningeongeza kwamba mkakasi wenyewe aliusugua mpaka kipande cha mti kikachungulia.

Bosi hakuuliza swali. Alimgeukia Mama Pacha akamwambia aweke glavu mezani. Mama Pacha aliinama akaingia tangini, akapitisha kidole kwenye mshono mwekundu, akatoka.

"Huu si mkono wangu," akasema.

Bosi akamwonyesha namba. Mama Pacha akaitazama ile kumi na nne kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye jina lake lakini haikuandikwa kwake. Akaziweka glavu mezani, moja juu ya nyingine, akachukua mfuko wake kwenye msumari, akaanza kwenda getini.

Na mimi nimesimama palepale. Mdomo huu, ambao hauna breki kwenye harusi za watu, ulikuwa umefungwa. Nilimtazama Mama Pacha akipita karibu na mashine ya kukatia, akipita karibu na pipa la maji, na kila hatua nilijiambia nitasema akifika pale. Akafika pale, akapapita.

Mrututu ndio uliosema. Mkaguzi alikuwa amebakiwa na maji kidogo, akaona asirudi nayo, akapaka pembeni mwa mishono. Kila penye namba pakatokea doa jekundu, ukubwa wa kiberiti, chini ya tisa na chini ya kumi na nne, madoa sita, mahali ambapo hakuna mtu aliyechomelea kitu. Akasema kwa sauti ile ile aliyosalimia nayo kwamba hapa pamepitishwa jiwe la chuma cheusi, namba zilizokuwepo zimefutwa na nyingine zimegongwa. Akauliza mihuri anaitunza nani.

Watu wote wakanigeukia. Kioo naye akanigeukia, akatabasamu, tabasamu la kifamilia kabisa. "Shemeji," akasema, "waambie kwamba Mama Pacha alikuja kuchukua muhuri wake mwenyewe."

"Nilikupa wewe," nikasema. "Jana, saa ya chakula. Nilikupa yote miwili."

Maneno yenyewe ndiyo hayo, hata pumzi hayamalizi. Mtu mmoja akakimbia getini kumwita Mama Pacha, akamkuta ameshavuka barabara.

Msidhani Kioo alifukuzwa. Kwanza alieleza kwamba mrututu umekaa sana kwenye chupa umeharibika. Halafu akaeleza kwamba bamba lilikuja na kasoro. Nilikuwa nangoja aseme tangi limezidisha uzito. Bosi akamnyang'anya muhuri, akaukata kwa msumeno mbele yetu, na Jumatatu akamweka mbele ofisini apokee wateja, kwa sababu, alisema, si vizuri kupoteza mtu anayependeza. Yuko huko mpaka leo, kalamu tatu mfukoni, mezani ana kile kipande cha bomba alichojaribiwa nacho siku ya kwanza. Wateja wanakigeuzageuza na kukipenda. Kwenye picha zake sasa kuna moja amesimama kando ya tangi la siki, na nimesikia kwa masikio yangu akimweleza mtu kwamba yeye ndiye aliyegundua tatizo.

Mdogo wangu alikaa miezi minane bila kunisemesha. Alipokuja kunisemesha aliniambia nimemvua mumewe nguo mbele za watu. Nikamjibu kwamba alizivua mwenyewe ili azing'arishe. Alicheka kidogo, ndivyo alivyo, na tangu siku hiyo nimeiacha hadithi ya kitanda kwenye harusi na misiba.

Mama Pacha alirudi. Alivaa glavu zake, akaichimba mishono mitatu ya Kioo mpaka chini, akaiunga upya kwa siku nne, mshenga juu ya mfereji, cheupe juu ya mshenga, akagonga namba yake kwenye yote sita. Mkaguzi akaja na chupa yake, maji yakabaki ya bluu kila mahali. Akapewa usimamizi wa zamu. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba mihuri iondoke stoo, kila fundi akae na wake.

Asubuhi hiyo alipokuja dirishani nilikuwa nimemimina chai, vikombe viwili. Nikaanza kumsema Kioo. Nilimsema vizuri, nina kipaji hicho: viatu vya uchumba, kalamu, mikono nyuma mpaka bafuni. Nikamwita mwongo, nikamwita mwizi wa kazi za watu. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, hakugusa kikombe.

"Mimi hakuniibia, Mama Stoo," akasema. "Alipewa."

Akanyoosha mkono chini ya wavu. Nikautoa muhuri wa kumi na nne msumarini nikamkabidhi. Akautia kwenye kamba aliyokuja nayo, akaivaa shingoni, akaushusha ndani ya nguo.

Bado anakuja kila asubuhi kuchukua vijiti, maana lazima vipite kwangu. Anasalimia, anataja anavyotaka, nampa. Kisha anavihesabu palepale mbele yangu, kimoja kimoja, jambo ambalo miaka yote ya chai hakuwahi kulifanya.